Kamera ya mtego isiyojua leo ni lini: uzoefu wangu

Nilitaka kuisifu kamera hii ya mtego, yaani inayopiga picha yenyewe mnyama anapopita mbele yake, na sehemu kubwa ya sifa hizo bado inastahili. Imekaa kwenye shina la mti katika msitu wa mvua kwa misimu kadhaa bila mpira wa mlango wake kupitisha maji wala siafu, na kihisi chake humnasa chui hata adhuhuri, wakati joto la msitu linapokaribiana na la mwili wa mnyama na kamera nyingi zinaposhindwa kumtambua.

Lakini saa yake! Kila betri zilipopungua nguvu, ilijirudisha kwenye Januari 1 ya mwaka ambao kamera yenyewe ilikuwa haijafika sokoni, kisha ikaendelea kupiga picha bila haya. Madoa ya kila chui ni ya kwake peke yake, ila ubavu wake wa kushoto haufanani na wa kulia, ndiyo maana tunafunga kamera mbili zinazotazamana: zikipiga kwa wakati mmoja, tunajua kwamba mbavu hizo mbili ni za mnyama mmoja. Mimi nimebaki na ubavu wa kushoto wa dume mwenye doa lililokatika karibu na bega, pamoja na lundo la mbavu za kulia nisizoweza kuapa kwamba ni zake. Ningeweza kukokotoa tofauti ya saa iwapo ingejirudisha mara moja tu, lakini ilifanya hivyo mara kadhaa ndani ya kadi ile ile. Idadi ya chui hukadiriwa kwa kuangalia nani ameonekana tena na lini, kwa hiyo picha isiyo na tarehe ni pambo la ukutani.

Niliwaandikia wauzaji kwa adabu. Baada ya ukimya mrefu, wakajibu bila hata salamu: "Picha zinaonekana vizuri, unalalamikia nini?" Nilipofafanua, nikaambiwa ninunue betri bora, ilhali nilitumia zile zile za lithiamu zinazopendekezwa katika kijitabu chao.

Haki itendeke: sijawahi kuona kihisi kikali kama hiki, na anayetaka tu kujua kama chui bado yupo anaweza kuinunua. Ingawa, nikifikiria tena, hata huyo kesho yake atataka kujua chui alipita lini. Basi isinunuliwe, angalau hadi waweke kibetri cha kuishikilia saa, kama kile kilichomo ndani ya kompyuta za kawaida.