Spreyi ya kukinga kutu Kigoma: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Gari likibeba chumvi ya Uvinza misimu miwili mfululizo, kutu haipigi hodi. Magunia hulowa, maji ya chumvi huchuruzika hadi kwenye chesisi, kisha mvua za Novemba zinaligeuza vumbi kuwa tope linalong'ang'ania palepale. Kwenye pikipiki, madigadi na stendi ndivyo vinavyoliwa mapema. Wapo wanaolilaumu Ziwa Tanganyika, lakini maji yake si ya chumvi. Mzigo ndio wenye chumvi.

Ukiwa na hela ya kopo moja tu, nunua spreyi ya nta, au ile ya lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Haigandi ikawa gamba. Inabaki laini na kupenya kwenye maungio, mahali ambapo brashi haifiki. Kubwa zaidi kwangu, unaweza kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ukakiona chuma chenyewe. Udhaifu wake ni kwamba inanasa vumbi na inaisha, kwa hiyo rudia kila mwaka, Agosti au Septemba, kabla ya mvua. Mv Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ni ushahidi wa kwetu hapahapa. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 walipaka mitambo yake grisi nzito. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini.

Ya pili ni spreyi ya zinki, nzuri kwa sehemu zilizochomelewa na madigadi yaliyokwisha kusuguliwa. Zinki huliwa yenyewe badala ya chuma, ila lazima iguse chuma kitupu. Ukiipuliza juu ya rangi ya zamani umetupa hela. Soma kopo: nzuri huandikwa kuwa ikikauka zinki ni zaidi ya asilimia 90. Rangi ya fedha inayong'aa peke yake si zinki.

Ya tatu, mpira wa kupulizia unaobanduka. Unazuia mikwaruzo kwenye plastiki na rimu, na unasafishwa kwa maji na sabuni tu. Petroli inaulainisha, kwa hiyo usiupake kwenye tangi la bodaboda inayojaziwa mafuta kwa chupa kando ya barabara. Piga mikono minne au mitano. Ukiwa mwembamba, siku ya kuubandua utatoka vipandevipande.

Ya mwisho ni lami, na hapa naandika kwa uchungu. Fundi mmoja alinipulizia chesisi yote nyeusi tii, ikapendeza kama mpya. Hakuwa ameisugua. Msimu wa mvua ulipokwisha niligusa karibu na springi ya nyuma kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Chini ya lami chuma kilikuwa kimeshakuwa makapi, tabaka juu ya tabaka, na unyevu bado umo ndani. Lami inafaa kwa chuma kipya kisicho na doa. Ikipasuka kidogo tu, maji huingia na hayatoki, nawe huoni kitu.

Oili chafu sijaipa hata nafasi. Inaharibu bushi za mpira, na inayodondoka mvua huisomba hadi ziwani.

Kabla ya kupuliza, osha kwa maji mengi hadi chumvi itoke, sugua kwa brashi ya waya, acha pakauke siku nzima. Funika diski za breki, matairi na eksozi kwa magazeti. Tone likiangukia diski, lifute kwa kisafishio cha breki kabla hujatembea hata mita moja. Tikisa kopo dakika mbili tangu usikie gololi ikigonga, simama sentimita 20 hadi 30, pitisha mara mbili nyembamba kuliko moja nzito. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, mbali na jiko na sigara.

Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, la sivyo tundu litaziba. Ya nta ikiziba, chomoa kichwa ukiloweke kwenye mafuta ya taa. Usilihifadhi kopo ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Na bisibisi iwe karibu. Kila Septemba, kabla hujafungua kopo jipya, gonga chesisi pande zote. Ikizama, rudisha kopo kabatini umtafute fundi wa kuchomelea.