Mgongo wangu na kine wa Katindo

Mimi ni fundi wa kushona hapa Goma. Nina kibanda Birere, nashona libaya na sare za shule, mwaka wa 19 sasa. Mwaka jana nilikuwa nainua bidoni ya maji asubuhi, kiuno kikakatika. Nilipiga magoti palepale, binti yangu ndiye aliyekuja kunishika.

Mahali pa kwanza nilipopelekwa walinipiga radio, ile picha ya mifupa, wakanionyesha pingili mbili za mgongo zilizokaribiana, na kati yake diski, ule mto laini unaozitenganisha. "Mama, diski imechakaa. Acha kushona." Wakaniuzia mkanda wa kiuno wa dola 35. Neno hilo liliniuma kuliko kiuno chenyewe, maana fundi anajua nguo iliyochakaa inaishia wapi. Nililala wiki tatu, wateja wakaenda kwa wengine.

Jirani yangu Mama Neema ndiye aliyenipeleka kwa kine huyu, muganga wa kutibu kwa mazoezi ya viungo, mtaa wa Katindo. Ni chumba kimoja, ghorofani juu ya duka la dawa. Ngazi zake ni kali mno, na kwa mgonjwa wa mgongo hilo ni kosa, nalisema wazi. Malipo ni dola 8 kwa saa moja, na saa ni saa kweli.

Siku ya kwanza hakunigusa kwanza. Alichukua karatasi akachora diski. Akasema haina mishipa ya damu ndani yake, chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa ya jirani. Usiku tukilala inavuta maji, mchana uzito wetu unayakamua.

Kisha akanisimulia habari za Alf Nachemson, muganga wa mifupa wa Uswidi. Tasnifu yake ya 1960 ilihusu shinikizo ndani ya diski za kiuno, na 1964 yeye na mwenzake wakachapisha vipimo vya sindano iliyoingizwa ndani ya diski za watu walio hai. Waliona kwamba kukaa kunabana diski kuliko kusimama.

"Basi docta, ni mashine yangu iliyoniharibu," nikasema.

"Ngoja, Mama." Akaandika namba pembeni ya mchoro. Mwaka 1999 mtafiti Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walipima upya kwa mtu mmoja aliyejitolea. Kusimama, megapaskali 0.5, hicho ni kipimo cha shinikizo. Kukaa kwa utulivu bila kuegemea, 0.46. Kuinua kilo 20 mgongo ukiwa umepinda, 2.3. Kuinua mzigo uleule kwa kukunja magoti, 1.7.

Kilo 20. Ndiyo bidoni yangu.

Na ile radio? Akaniambia kwamba mwaka 1994 huko Marekani walipiga picha za IRM (wengine huita MRI, picha inayoonyesha mpaka diski) watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, na asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Watu wazima, wenye kazi zao! Nachemson mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuchunguza diski, alikuwa akihimiza wagonjwa warudi kwenye shughuli zao badala ya kulala. Niliposikia hivyo nililia mbele ya yule kijana, sikuona haya.

Mazoezi yenyewe hayana makuu. Kutembea mpaka ziwani na kurudi, kuinua kiuno nikiwa nimelala chali, kusimama kukata kitambaa kila baada ya nusu saa. Bidoni sasa naijaza nusu, nazibeba mbili. Nilienda mara kumi. Asubuhi za mvua bado kiuno kinaniuma, lakini sare za mwezi wa tisa nilizimaliza zote kwa wakati.

Jumatatu pamejaa, nenda Alhamisi alasiri. Beba kitenge chako cha kutandika juu ya kitanda, na umwambie akuchoree. Mchoro wangu nimeubandika ukutani juu ya mashine, kando ya vipimo vya wateja.