Jimu ya bati, Ng'ambo ya mji wa Unguja: vyuma ndiyo, kukimbia hapana

Kati ya Alasiri na Magharibi jimu hii hujaa mpaka kioo kinafunga ukungu. Benchi moja la kifua husubiriwa na watu wanne, na sakafu ya mpira inateleza. AC hamna. Kuna feni mbili kubwa za kusimama, madirisha ya nondo upande mmoja, mlango upande wa pili, na bati juu. Kwa kunyanyua vyuma tunaipendekeza. Kwa kukimbia, hapana.

Kinachoupoza mwili ni jasho linalokauka. Linalodondoka halisaidii kitu. Hewa ya Unguja ikishashiba maji, hasa kaskazi inapoisha na masika kuingia, jasho huchuruzika tu na joto likabaki ndani. Damu inagombaniwa na misuli na ngozi, kwa hiyo moyo hupiga mbio zaidi kwa kazi ile ile. Mnyanyuaji humaliza seti (kunyanyua mara kadhaa mfululizo) kwa sekunde 40, kisha akapumzika dakika 2 au 3 mbele ya feni. Anayekimbia nusu saa hapati pa kupoa, na hapa mashine za kukimbilia zimesukumwa kona ya ndani kabisa, pasipofika upepo.

Feni zenyewe zimeelekezwa vibaya. Zote mbili zinatazama katikati ya chumba, zikizungusha hewa ile ile yenye mvuke wa watu. Moja ingewekwa mlangoni ivute hewa ya nje, nyengine dirishani iitoe ya ndani. Ni kazi ya dakika 5, na haina gharama.

Tatizo kubwa zaidi ni chumvi ya bahari pamoja na jasho. Ukikamata chuma kirefu cha benchi la pili, kiganja kinatoka na vumbi la kutu, na michoro ya kushikia imezibwa na chaki ya viganja iliyogandana. Brashi ngumu, kitambaa na matone machache ya mafuta ya cherehani kila wiki vingetosha. Lakini waya wa mashine ya kuvutia mgongo hautaki mafuta, unataka kubadilishwa. Utazame pale unapopita kwenye kapi: ganda la plastiki limepasuka na nyuzi mbili za chuma zimechomoza. Hapo ndipo unapokunjika kila seti, na hapo ndipo unyevu unapoingia. Usiutumie kabisa.

Mgeni wa joto hili aanze na nusu ya seti zake, aongeze kidogo kidogo. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Njoo na taulo mbili, moja ya benchi (choa na fangasi huambukizwa kwa ngozi na vitu vinavyoshirikiwa), moja ya mikono. Kausha kiganja kwanza ndipo upake chaki, la sivyo inageuka tope na chuma kinaponyoka. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho, rudisha lita moja na robo hadi moja na nusu, kwa mafundo. Dafu ni zuri lakini sodiamu yake (madini yaliyomo kwenye chumvi) ni kidogo, na jasho linaondoka na sodiamu nyingi. Lifuatishe na chakula chenye chumvi. Vinyweleo vikisimama huku umechemka, au kichefuchefu kikija, acha papo hapo. Mwenzako akianza kusema yasiyoeleweka, mmwagieni maji, mpepeeni, na apelekwe hospitali.

Wakati bora ni baada ya Alfajiri. Unyevu uko juu, ila bati bado baridi na watu wachache. Umeme ukikatika jenereta huwasha taa tu, feni husimama. Siku hiyo fupisha.

Wanawake wametengewa saa 3 hadi saa 5 asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma bati. Wapewe saa 12 asubuhi, angalau siku tatu za wiki.