Thermalright Peerless Assassin 120 SE kwenye joto la Dar: inashusha kweli, ila kuna mambo

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Hii hitisinki (kifaa cha kupooza prosesa) ni kali, na kwa bei yake mimi sijaona ya kuifikia, kama una prosesa inayochemka na keisi yenye nafasi nunua tu. Ila kama umeangalia video za majuu ukaona jamaa anapata nyuzi 65 ukadhani na wewe utaziona hizo hizo chumbani kwako Tabata mwezi wa pili, panga boi linazungusha hewa ya moto na AC hamna, hapo inabidi tuelewane kwanza.

Mashine yangu ni ya kuunga mwenyewe, prosesa Intel i7-12700, kazi yake ni kuediti video za harusi na sendofu na kicheni pati, yaani faili za masaa kibao halafu bwana harusi anataka kazi wiki hii hii. Mwanzo nilikuwa natumia feni iliyokuja kwenye boksi la Intel. Sio kwamba ile feni ni mbovu, kwa kuandika barua na kuangalia mpira inatosha sana, tatizo ni kwamba hii prosesa imeandikwa wati 65 kwenye boksi na watu wanadhani ndo umeme inaokula, kumbe hizo ni za msingi tu, ikibanwa na kazi Intel wenyewe wanairuhusu ifike wati 180. Sasa wati 180 kwenye kile kifeni kidogo, kwenye chumba cha nyuzi 31, utaona mwenyewe. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) inapaa hadi 100 ndani ya muda mfupi sana na ikifika hapo inajilinda, inashusha spidi. Cores kubwa, yaani injini ndogo ndogo zilizomo ndani ya prosesa, ambazo zinatakiwa kukimbia 4.5 hivi zikawa zinacheza chini ya gigahezi 4, na feni inalia kama bodaboda inapanda Kitonga na abiria wawili.

Hapa niseme kitu maana naona watu wengi wanaogopa namba tu. Nyuzi 85 au 88 wakati wa kazi nzito sio mwisho wa dunia, hii prosesa limiti yake ni 100. Kinachouma ni pale inapogonga limiti ikaanza kujipunguza, maana hapo umelipia injini halafu unaendesha na hendibreki. Kwa hiyo usiangalie joto peke yake, fungua HWiNFO (programu ya kusoma joto na spidi), angalia na spidi ya cores, na kile kipengele kinachosema thermal throttling (kujipunguza kwa sababu ya joto) kama kinaandika Yes. Kama kinaandika No na spidi imetulia, lala usingizi.

Haya, bidhaa yenyewe. Thermalright ni kampuni ya Taiwan, ya siku nyingi, ila kwa miaka ya karibuni ndo wameharibu soko kwa maana nzuri. Hii modeli ina minara miwili ya mapezi ya alumini, mirija sita ya shaba inayobeba joto toka chini, na feni mbili za sentimita 12 zinazozunguka hadi 1550 kwa dakika. Majuu inauzwa chini ya dola 40. Linganisha na Noctua NH-D15 ambayo ni zaidi ya dola 100, na tofauti ya joto kati yao ni nyuzi chache tu. Noctua ni nzuri jamani sibishi, ila kwa hela ile mimi naongeza SSD.

Kariakoo niliizunguka sikuipata, madukani wanazo zile za taa taa za rangi, muuzaji mmoja ananiambia "boss chukua hii, inawaka rangi saba", nikamwambia kaka mimi sifungui disko. Nikaagiza China kupitia hawa wasafirishaji wa mizigo, mpaka inafika mkononi ikasimamia kwenye laki na ishirini hivi. Ukiagiza kwa meli itakuwa nafuu zaidi ila utasubiri mpaka usahau kama uliagiza.

Kufunga. Ukiwa na utulivu sio ngumu, ila karatasi ya maelekezo ni michoro midogo midogo ya kubana macho. Kuna beki pleti inakaa nyuma ya madabodi, kwa LGA1700 (soketi ya prosesa kama hii yangu) mwanzoni inalegea legea usishtuke, ikishakazwa inatulia. Kisha unaweka vyuma viwili vya kushikilia, pesti ya kupitishia joto, unatoa feni ya katikati, unakaza skrubu mbili kwa kupokezana kidogo kidogo huku na huku, unarudisha feni. Andaa bisibisi ya nyota NDEFU, ile fupi haifiki kati kati ya minara. Na zile waya za kushikia feni ni shughuli, vidole vitauma. Halafu toa nailoni ya chini kwenye shaba kabla ya kuweka, nimeshaletewa mashine ya mtu "imefungwa na fundi" nailoni bado ipo, inapiga 100 ikiwa haifanyi kitu.

Pesti, kwenye boksi wanakupa kitube chao kidogo na kinatosha kazi, usihangaike kununua nyingine kama unafunga mara ya kwanza. Ukitaka ya akiba Arctic MX-4 ni nzuri ila angalia feki, zimejaa, Arctic wenyewe wana sehemu kwenye tovuti yao ya kuhakiki kama uliyonayo ni orijino. Ile pesti nyeupe ya bei chee kwenye masindano makubwa ambayo mafundi wengi wanaipenda, kwa prosesa ndogo ya ofisi sawa, kwa prosesa ya wati 180 mh mh. Na tafadhali wale wa kupaka dawa ya meno, inakauka ile, baada ya muda mfupi unarudi ulipotoka au pabaya zaidi.

Sasa majibu. Chumba nyuzi 31, madirisha wazi, Cinebench R23 (programu ya kuibana prosesa kwa kipimo) ya dakika kumi, prosesa imeachiwa wati 180 zake zote: inakaa 86, mara chache inagusa 88, spidi haishuki, throttling No. Kurenda harusi kwa kawaida inakaa sabini na kitu kwa sababu hairendi kwa nguvu zote muda wote. Mashine ikiwa imetulia tu ni 39, 40. Na hapa ndo lile suala la video za majuu, feni ya hewa haiwezi kukupa ubaridi ambao chumba hakina, inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa ya chumbani. Mimi tofauti yangu ni kama nyuzi 55 kwenye mzigo mzito. Yule wa Ujerumani chumba chake ni 21, jumlisha 55 anaona 76, mimi kwangu ni 86, hitisinki ile ile, kazi ile ile. Chumba kikipanda nyuzi moja na prosesa inapanda karibu nyuzi moja. Ndugu zetu wa Njombe mwezi wa saba wanaweza wakatucheka kabisa, wao wana AC ya Mungu.

Kwa hiyo ukiona reviu yoyote ya vitu hivi, kitu cha kwanza kutafuta ni joto la chumba alichopimia. Asipolitaja, ile namba yake ni ya kwake.

Halafu kuna kitu cha bure kabisa ambacho kimenisaidia karibu sawa na hitisinki yenyewe, na hiki ningependa mtu akijaribu kabla hata ya kutoa hela. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka), tafuta power limit, yaani kikomo cha wati, PL1 ya muda mrefu na PL2 ya muda mfupi. Madabodi nyingi zinakuja zimeachia wazi ili zionekane kali kwenye vipimo, kuna za MSI ukichagua unatumia maji inajiwekea wati 4096, wati elfu nne jamani, jiko la umeme la pleti moja halifiki huko, maana yake tu ni "usinizuie, kula unavyotaka". Mimi nikaweka zote mbili 125. Joto likashuka mpaka kama 70 kwenye kipimo kile kile, chumba kile kile. Na kurenda kumechelewa kiasi gani? Haifiki hata asilimia kumi. Yaani zile wati za mwisho mwisho zinaleta joto jingi kwa spidi kiduchu. Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni UPS, umeme ukikatika katikati ya kurenda napata muda wa kutosha kusevu na kuzima kistaarabu, zamani ilikuwa inapiga bipu mbili tatu kwaheri.

Mtu atauliza, sasa kama 125 inatosha si ungebaki na feni ya boksi ukashusha wati? Nilijaribu hiyo kabla mzigo haujafika. Kwa 65 ile feni ya boksi inamudu, ila hapo ndo kazi inachelewa kweli kweli, na kwa 125 bado ilikuwa inakimbilia 100 na kelele zile zile. Hii ya minara miwili kwa wati 125 siisikii, naisikia friji ya sebuleni kwanza. Kwa mtu anayesikiliza sauti za MC na matarumbeta akitafuta pa kukata, ukimya huo una thamani yake.

Keisi nayo isikupite. Keisi yangu ya mwanzo ilikuwa na kioo mbele, nzuri ukiitazama, ila feni za mbele zinavuta hewa kupitia kijisehemu cha pembeni tu. Kipimo chake ni rahisi, toa ile paneli ya mbele huku mashine inafanya kazi, joto likishuka nyuzi tano au zaidi basi tatizo ni keisi na hata ununue hitisinki ya milioni utabaki kulalamika. Yangu ilishuka, nikahamia keisi ya wavu mbele, feni mbili zinaingiza moja nyuma inatoa. Angalia na feni zimeelekea wapi, upande wenye fremu ya kushikia mota ndo hewa inatokea. Wapo wanaofungua ubavu wakaweka feni ya mezani inapuliza ndani, inasaidia sitakataa, ila vumbi la Dar na wewe mnajuana, na kama unakaa karibu na bahari ule unyevu wa chumvi sio rafiki wa madabodi.

Vumbi lenyewe, piga bloa kila baada ya miezi kadhaa, nje ya nyumba, na ushike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Minara miwili inaficha vumbi katikati pale kwenye feni ya ndani, huwezi kuliona kwa juu juu.

Nisiyoyapenda. Kimo chake ni sentimita 15.5, kwenye keisi nyembamba haiingii kabisa, pima kabla ya kulipa. Ramu ndefu zenye mapambo zinagongana na feni ya mbele, inabidi uipandishe juu na hapo kimo kinaongezeka tena. Na ukishafunga, kuifikia ile klipu ya waya wa umeme wa prosesa pembeni ya madabodi ni kwa ncha za vidole, chomeka kwanza huo waya ndo ufunge hitisinki.

Nani asinunue: mwenye i5-12400 au mfano wake, hiyo haili umeme kihivyo, mnara mmoja kama Assassin X 120 Refined SE unakutosha na hela inabaki. Na wenye zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, msihangaike, nyingi zina mashikio yao ya kipekee na keisi ndogo, haitakaa. Za kwenu mara nyingi ugonjwa ni pesti iliyokauka toka ofisi ya watu huko ilikotoka na vumbi lililoziba mapezi, zifumue, safisha kwa aisopropili (spiriti ya kusafishia), paka pesti mpya punje kama ya njegere ndogo katikati, utashangaa.

Kuhusu za maji, nimeulizwa sana. Kwa i7 hii sioni sababu, pampu ni kitu kingine cha kufa, na spea hapa mjini utaitafuta wapi. Mwenye i9 anayeiachia wati zote hiyo ni habari nyingine.

La mwisho kwa wanaotuma mashine mkoani kwa basi, hili dude na feni zake lina uzito na limening'inia kwenye madabodi. Ikisimama wima kwenye buti mpaka Mwanza, kila tuta linaivuta. Ing'oe uifunge kivyake, au kama huwezi ilaze keisi kwa ubavu hitisinki itazame juu, na uandike kwenye boksi kwa maka peni kubwa upande upi ni juu, halafu umwambie na konda kwa mdomo.