Kofia ya jeli ya kuumwa kichwa: nimeitumia toka Ramadhani, haya ndio maoni yangu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome hapa aende zake: nne kwa tano kama unajua unanunua nini, mbili kama umeyaamini maneno ya muuzaji. Manake kwenye tangazo walikuwa wameandika eti inamaliza kipandauso, dawa ya asili, hutaumwa tena. Wapi! Ni kofia tu ya kitambaa cha kuvutika, katikati imetiwa jeli, unaiweka friza, ikishapata baridi unaivaa inashuka mpaka machoni, basi, kazi yake imeishia hapo. Lakini hiyo kazi moja, jamani, inaifanya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, huku upande wa Uganda, na duka langu liko karibu na barabara wanayopanga malori wakingoja kuvuka kwenda Kenya, kwa hiyo honi, moshi wa dizeli, vumbi, kelele za bodaboda wakigombania abiria, vyote navipata bila kulipia. Na kichwa changu ni kile cha kila siku. Naamka nacho, kinaanza nyuma ya shingo kinapanda mpaka kwenye paji, kinabana pande zote kama mtu kanifunga kamba, halafu kuna siku kinahamia kulia peke yake kinagonga gonga, hiyo siku mwanga wa dirisha tu unaniudhi na harufu ya mafuta ya mandazi ya jirani inanitia kichefuchefu. Na mashine huwezi kuzima, hasa wateja wa gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, hao hawana dogo, siku ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, haiahirishwi kwa sababu fundi anaumwa kichwa.

Kabla ya kufika kwenye kofia nimepita njia ndefu na wengi wenu mnaijua. Huku kwetu ukisema kichwa kinauma jibu la kwanza ni malaria. Kuna kliniki, siitaji, walinipa dawa ya malaria hata kidole hawajanitoboa, nikarudi tena wakasema sasa ni taifodi, sindano juu ya sindano. Nikaenda kupima macho nikapewa miwani, nikashukuru manake kutia uzi kwenye sindano kukawa rahisi, ila kichwa kiko pale pale. Shangazi yeye alishamaliza kesi zamani, ni jini huyo, na aliyemtuma anamjua, nikasomewa nikanyweshwa kombe, roho ilitulia alhamdulillah, kichwa hakikusikia.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja wa Mbale, mama mtu mzima, hakuwa na haraka. Akanipima presha, akanimulika ndani ya macho, akaniambia nikunje shingo kidevu kiguse kifua, halafu akataka kipimo cha HIV. Nikashtuka kidogo. Akanieleza kwamba mtu mwenye virusi ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ile wanayoiita kriptokoka, na mwanzoni dalili inaweza kuwa kichwa tu kinachouma wiki baada ya wiki, na ikichelewa kugunduliwa inaua, kwa hiyo musawo, yaani daktari, akikuomba hicho kipimo usimnunie. Changu kilitoka salama. Ndio akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alishawahi kuniuliza, kwa mwezi vidonge vya maumivu unameza siku ngapi? Nikacheka, nikamwambia musawo we niulize siku nisizomeza.

Basi akakaa akanieleza. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikapita miezi 3, wao wanakihesabu ni cha kila siku, cha kudumu. Na dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokifuga. Ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 na zaidi kila mwezi, au vile vya mchanganyiko siku 10 tu na zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, kichwa kinazoea, dawa ikipungua nguvu mwilini kinarudi, unameza, kinatulia, kinarudi, ndio hivyo mwaka unaisha. Vyangu vilikuwa hivyo hivyo vya mchanganyiko, parasetamoli na aspirini na kafeini humo humo, unavinunua dukani pamoja na sukari na kiberiti, nani atakuuliza? Halafu juu yake weka chai ya majani asubuhi, saa nne, mchana na jioni, nayo ina kafeini yake.

Akasema niviache. Na akanionya wazi kwamba mwanzoni kichwa kitakuwa kibaya kuliko nilivyozoea, siku kadhaa, pengine wiki na kitu, ndio kianze kulegea. Sasa we niambie, mtu anaachaje kumeza wakati ambapo kichwa ndio kinazidi? Hapo ndipo kofia inapoingia, na ndio maana nimekaa kuandika yote haya, manake nikisoma maoni ya wengine wanaandika tu "nzuri" au "feki" hawasemi waliitumia kwa kitu gani.

Dada yangu wa Kampala ndiye aliyeiagiza mtandaoni, akaipakia kwenye taksi ya Busia. Nilipoifungua ilikuwa inanuka mpira, harufu kali, kwa mwenye kipandauso hiyo ni balaa. Nimeianika kivulini, nimeifuta na maji ya sabuni kidogo na siki, harufu ikapungua ikaisha. Ikaja shida ya pili, mimi sina friza. Jirani yangu anayo, kubwa tu, anauzia samaki, basi kofia ikawa inalala na sangara na ngege. Siku ya kwanza nimeivaa nimejiona niko ziwani kabisa. Dawa yake ni kuifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni na kuiweka ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, hapo haishiki harufu. Umeme ukikatika sasa, na unakatika, friza iliyojaa haiyeyuki upesi, kofia yangu imewahi kukaa humo usiku mzima bila umeme na asubuhi bado ina baridi ya kutosha. Kwa hiyo kama huna friza usikate tamaa, tafuta jirani muuza samaki au muuza barafu mkubaliane, mimi namlipa kwa kumshonea nguo za watoto.

Kuhusu kuivaa. Ikitoka friza ni ngumu, usiivute kwa nguvu, iache dakika chache ilegee. Ikigusa ngozi moja kwa moja ni baridi ya kuchoma, mimi navaa kitambaa chembamba cha pamba kwanza ndio kofia juu yake. Inafunika paji, pembeni, kisogo, na ukiishusha inaziba macho kabisa, giza, na hilo giza peke yake ni nusu ya dawa siku ile ya mwanga kuudhi. Siivai kupita dakika 20, napumzisha ngozi kwanza ndio narudia. Baridi yenyewe nzuri haikai sana, kwa joto la huku mchana ikifika nusu saa imeshakuwa kofia ya kawaida tu ya mpira.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni maji. Inatoa jasho! Nilikuwa nimeivaa nikiwa kwenye mashine, nimeipandisha juu ya macho nione, nakunja pindo la gomesi ya satini, tone likanitoka kwenye nyusi likaanguka katikati ya kitambaa. Satini na maji mnajua, alama ya duara ile, nikakausha na pasi ikabaki kivuli, ikabidi nihamishe mkunjo uifiche chini ya mshipi. Siku hiyo hiyo nikakata taulo kuukuu nikashona kama bitana ndani ya kofia, pembeni kuzunguka mdomo wake nikaweka mkunjo mnene wa kunyonya maji. Waliotengeneza wangeweza kufanya hivyo toka kiwandani, ni kitambaa cha bei gani? Hapo nimekata nyota moja.

Kucheka wamecheka. Ni nyeusi, inafunika mpaka pua ukiivuta, kijana wa bodaboda akaniuliza shangazi leo tunaenda kuvunja benki gani. Sasa naivaa chini ya hijabu, hakuna anayejua. Kwa wenye misuko mikubwa sijui mtafanyaje, mimi nywele zangu nimesuka za chini na bado inabana.

Ramadhani ndipo nilipoipenda kweli. Vidonge nilikuwa nimeacha hivi karibuni, chai ya mchana hakuna, maji hakuna, ikifika alasiri kichwa kinaita. Miaka mingine ningelala au ningefuturu kwa shida. Mwaka huu navuka kwa jirani, nachukua kopo langu, nalala kwenye mkeka nyuma ya duka dakika zangu 20, sijameza kitu, funga yangu iko sawa, nanyanyuka namalizia kazi. Haikuondoa maumivu yote, tuelewane, ilikuwa inayashusha kutoka pale pa kulia mpaka pale pa kuvumilia. Na mkono uliozoea kwenda kwenye droo ya vidonge ukapata mahali pengine pa kwenda. Kwangu faida kubwa ya kofia ndio hiyo.

Isije mtu akasema kofia imemponya fulani. Daktari alinianzishia amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, jioni. Hiyo ni dawa ya zamani ya sonona, ila kwa kiasi kidogo wanaitumia kuzuia kichwa, unameza kila siku iwe kinauma au hakiumi, na matokeo unayangoja wiki kadhaa. Mdomo unakauka kama nini, choo kinakuwa kigumu, na usingizi! Mwanzoni nilikuwa namezea kitandani nikashindwa kuamka daku, sasa nameza mapema baada ya kufuturu na kuswali, nalala vizuri na naamka. Usijinunulie tu kwa sababu umesoma hapa, ina watu haiwafai, wenye matatizo ya moyo wawe waangalifu hasa.

Naandika pia kwenye kaunta buku ile ile ya vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, kila siku mstari mmoja: kimeuma kiasi gani, nimelala saa ngapi, nimekula saa ngapi, nimemeza nini. Ndio nikaona siku mbaya karibu zote ni zile nilizoruka chakula cha mchana au nilizokesha na oda. Sa hivi kuna siku kadhaa kwa wiki mstari unasema tu "hakuna". Shingo naiwekea kinyume, kitambaa cha maji ya moto, manake ile ya kukaza ya fundi anayeinama siku nzima baridi haiisaidii, inaikaza zaidi.

Na kofia isikucheleweshe hospitali. Kichwa kilichokuja ghafla kwa kishindo ambacho hujawahi kukiona, au chenye homa na shingo ngumu, au mkono na mguu upande mmoja umelegea, maneno hayatoki, macho hayaoni, au umegonga kichwa kwenye ajali ya boda, au umri umepita 50 ndio kimeanza, hapo achana na friza ya jirani, nenda.

La mwisho kwa wanaonunua: angalieni jeli imegawanywa vyumba vyumba au imemwagwa pamoja. Yangu ni ya kumwagwa, ukiitundika yote inashuka chini, paji linabaki kitambaa kitupu, kwa hiyo naihifadhi imelala. Saizi chukua kubwa kuliko unavyodhani. Mshono wa kisogoni ulianza kuachia nikaurudia mwenyewe kwa mkono, sio kwa mashine, sindano ikitoboa jeli ujue umeshaaga pesa yako. Kuosha ni kufuta tu, usiloweke. Dada kaniuliza kama aniagizie ya pili nibadilishe moja ikiwa friza, nimemwambia sawa, ila safari hii muuzaji mwingine.