Mapango ya vimulimuli ya Waitomo ukiwa na watoto: uzoefu wangu

Usiende ukitarajia vimulimuli wa shambani, wale wanaoruka wakimetameta jioni. Hao ni jamii ya mbawakawa. Wa Waitomo, New Zealand, ni mabuu ya inzi mdogo mwenye umbo la mbu, jina lake la kisayansi Arachnocampa luminosa, na hawaruki. Wametanda kwenye dari la pango, kila mmoja katika kijimrija chake cha ute na hariri, mkia ukitoa mwanga wa bluu unaoelekea kijani. Waambie watoto mapema, la sivyo watakuwa wanatafuta vitu vinavyoruka huku vyenyewe viko juu ya vichwa vyao.

Kutoka Auckland ni kama kilomita 200 kuelekea kusini, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Kutoka Hamilton ni saa moja tu. Ukishapita Ōtorohanga unaacha barabara kuu namba 3, unashika ya 37 hadi kijijini. Tiketi huandikwa saa ya kuingia, kwa hiyo fika nusu saa kabla na kila mtoto apitie chooni. Kuwa makini unapochagua pango, maana yapo kadhaa: Aranui ni zuri kwa miamba lakini halina vimulimuli kabisa, na mwenye kiti cha magurudumu aende Ruakuri, ambako mlango ni njia ya mzunguko inayoteremka taratibu bila ngazi. Pango kuu la Waitomo lina ngazi, na kigari cha mtoto hubaki nje. Mtoto mchanga mbebe kwa mbeleko kifuani. Begi la mgongoni lenye fremu linagonga miamba na halikai vizuri kwenye boti mtakayopanda mwishoni mwa ziara.

Ziara ni dakika 45, na nyingi kati ya hizo ni za kutembea na kutazama miamba ya chokaa. Boti yenyewe ni dakika chache. Mtoto wa miaka minne asiyejua hilo ataanza kulalamika mapema.

Kabla ya boti kuna kituo ambacho mimi nakiona bora kuliko vyote. Mwongozaji humulika dari la chini, na hapo unaziona nyuzi ambazo mabuu huning'iniza kama mtego: nyembamba kuliko unywele, zimening'inia kwa makumi, kila moja ina matone ya ute yaliyopangana kama shanga. Mdudu anayezaliwa mtoni huufuata mwanga, ananasa, na buu linauvuta uzi kwa mdomo hadi limfikie. Msogeze mtoto mbele hapa.

Botini hakuna injini wala kasia. Mwongozaji husimama na kuivuta boti kwa kamba zilizofungwa juu, gizani, na watu wananyamaza. Kinachoharibu hapa ni vitu vidogo: viatu vya watoto vinavyowaka taa kila wakikanyaga, na saa za mkononi zinazowaka mkono ukiinuliwa. Viache garini. Macho huhitaji kama dakika 20 kuzoea giza, na mmweko mmoja unawarudisha wote mwanzo. Mwanga pia huwafanya mabuu wafifishe taa zao, na picha haziruhusiwi. Mtoto anayeogopa giza mzoeze nyumbani usiku mmoja mmoja, taa zote zimezimwa, kisha mkalishe katikati yenu.

Mvua kubwa ikinyesha mto hujaa na boti hazitoki. Uliza siku hiyohiyo kabla ya kulipa. Hewa ya ndani nayo hupimwa, kwani pumzi za watu zikizidi huyeyusha chokaa. Mwaka 1979 pango lilifungwa kwa muda baada ya mwanga wa mabuu kupungua sana.

Ukibaki na nguvu jioni, kuna njia ya msituni ya Ruakuri, mwendo wa chini kidogo ya saa moja, bure kabisa. Vimulimuli wako kwenye kingo zenye unyevu kando ya njia, karibu kuliko pangoni, na unakaa utakavyo. Shida ni saa. Desemba giza halikolei hadi baada ya saa tatu usiku, watoto wameshasinzia. Juni na Julai saa kumi na mbili jioni tayari ni usiku, ila vaeni makoti. Beba tochi moja kwa kila mtu mzima, ifunge karatasi nyekundu ya plastiki, uizime kila mnaposimama. Ngazi zinateleza, mikono ya watoto ishikwe, na vidole visifike kwenye zile nyuzi, kwa sababu ukikata moja buu litalazimika kusuka mtego upya likiwa na njaa.