TAHADHARI: Unanunua kagari used? Kuna wauzaji wanaficha kuwa eabegi hamna

Habari zenu wakuu. Hii naandika kwa yeyote aliye mbioni kununua kagari kadogo used hapa Dar, hizi za 2003 mpaka 2008 hivi ambazo ndo wengi tunaanzia maisha nazo, na hata kama tayari unayo soma tu. Kuna wauzaji wanauza gari ambazo eabegi (ile mifuko ya hewa inayofumuka kukukinga ukigonga) zilishafumuka kwenye ajali, hawajaweka zingine, halafu wanachezea nyaya ili taa ya dashibodi isikushtue. Mdogo wangu kauziwa hiyo. Ana watoto wawili, kila asubuhi anawapeleka shule kwa barabara ya Morogoro katikati ya mabasi na malori, na muda wote huo mbele ya kifua chake kulikuwa na plastiki tupu.

Aina ya gari sitaji kwa sababu kiwanda hakina kosa hapa, na yadi sitaji maana suala bado tunalifuatilia. Gari aliiona Instagram, maneno ndo yale yale, mmiliki mmoja, rangi haijaguswa, full AC, bei maongezi. Alienda na fundi, wakasikiliza injini, gia, wakachungulia chini kama kuna kutu, wakaizungusha mtaani, ikawa safi. Wakaandikishana, hela ikatoka, kadi ikabadilishwa jina. Injini mpaka leo haina shida, siwezi kumsingizia mtu.

Sasa baadae honi ikaacha kulia. Kitu kidogo tu, akampelekea fundi umeme, kijana mmoja ana akili sana na namshukuru mpaka leo. Akamwelekeza kwamba honi inapitia kwenye spairo kebo, ule utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani, na waya wa eabegi ya dereva nao unapita humo humo. Kwa hiyo ule utepe ukikatika, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka. Hapa honi imekufa lakini taa imetulia, ndo akaanza kupata mashaka. Akachomoa hasi ya betri, akasubiri dakika kadhaa ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe (hili msilidharau, eabegi nzima ikifumuka usoni mwa fundi inaumiza vibaya), akafungua usukani. Ndani hamna kitu. Kile kifuniko cha eabegi kilichoandikwa SRS kimebandikwa gundi kwa nyuma, mstari uliochanika unaonekana kabisa, na pale panapotakiwa kukaa eabegi pamejazwa kipande cha sponji ili ukigonga pasisikike patupu. Akashuka chini ya usukani kwenye soketi ya njano, maana soketi za eabegi huwa za njano, akakuta imechomekwa rezista, kadude kadogo kama punje ya mchele kenye mistari ya rangi, kamezungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Upande wa abiria hivyo hivyo, dashibodi imezibwa na kupakwa rangi, ukipitisha kidole ndo unasikia kaukingo.

Yani mtu amekaa chini, akakata sponji ya saizi yake, akatafuta rezista ya kiasi sahihi, akapiga rangi dashibodi. Huwezi kuniambia hakujua.

Huu mchezo unavyofanya kazi ni hivi, waelewesheni na wengine. Kompyuta ya eabegi kila unapowasha gari inapima ukinzani wa umeme kwenye kiwashio cha eabegi, huwa ni kama ohm 2 hivi. Ikikuta waya umekatika inawasha taa. Ukiweka rezista ya kiasi hicho hicho inaamini eabegi ipo, inazima taa, na hata ukichomeka mashine ya kupimia itakwambia hakuna kosa. Hii ndo mbaya kuliko zote. Zipo na za kizembe, wengine wanachomoa tu kataa kenyewe nyuma ya dashibodi au wanakaziba, wengine wanaunganisha waya wake na wa taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja.

Hizi za kizembe unazikamata mwenyewe bila fundi. Weka switchi kwenye ON, usiwashe injini, tazama ile taa ya kamtu kenye mpira mbele yake. Inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, kwenye gari nyingi za Toyota ni kama 6, halafu izime yenyewe injini ikiwa bado haijawashwa. Isipowaka kabisa, imechomolewa. Ikisubiri mpaka uwashe injini ndo izime sambamba na ya oili, imeunganishwa. Isipozima, mfumo una tatizo na usikubali kuambiwa "hiyo ni sensa tu bosi". Ya rezista hutaiona kwa taa, hapo lazima fundi umeme afungue usukani mbele yako kabla hujalipa, na muuzaji akigoma kufunguliwa umeshapata jibu. Vuta na mikanda ya mbele yote, mara nyingi eabegi ikifumuka mkanda nao unajikaza na kufyatua, kwa hiyo ukikuta mkanda hautoki au haurudi uliza kwa nini. Kama gari imetoka mnadani Japani omba karatasi ya mnada, ikiwa na daraja R au RA ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa.

Tulivyombana muuzaji kwanza akasema gari used inauzwa ilivyo. Baadae akalegea, akasema atatutafutia eabegi za kuchomoa kwenye gari iliyokatwa, atafunga bure, yaishe. Tumekataa, na wewe ukipewa ofa hiyo kataa, sababu ni Takata.

Wengi wamesikia jina hawajui kisa. Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengenezea eabegi makampuni mengi, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Kwenye kifumulio, yaani kile chombo kinachojaza eabegi hewa, walitumia ammonium nitrate, kemikali ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, halafu siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kile chombo cha chuma kinapasuka vipande vinavyomrukia dereva shingoni na usoni. Marekani peke yake ziliitwa zirudishwe eabegi zaidi ya milioni 60, watu zaidi ya 25 wamekufa huko, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Japani tangu Mei 2018 gari yenye zile za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa haipiti ukaguzi wa lazima. Na Marekani walioanza kuhudumiwa ni watu wa majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Sasa jiulize Dar, Tanga, Unguja na Mombasa kukoje. Baadhi ya Vitz, Corolla, Honda Fit na Tiida za miaka hiyo hiyo zimo kwenye orodha, kwa hiyo eabegi ya kuokotwa kwenye gari iliyokatwa, hujui imetoka gari gani na imekaa juani miaka mingapi, inaweza ikawa hiyo hiyo.

Na elewa kwamba Takata mbovu haiwashi taa. Waya mzima, kompyuta imeridhika, kumbe kemikali ndani imeshaharibika. Hapo dawa ni namba ya chasis, iko kwenye kadi ya gari. Tovuti za Toyota na Honda za Japani zina sehemu ya kuingiza namba hiyo ukaona kama gari ina rikoli, yaani kiwanda kimeiita irudi itengenezwe, na kama imeshafanyiwa. Ukikuta bado, nenda kwa wakala rasmi wa hiyo kampuni, siyo chini ya mwembe.

Sisi tumeshapata wakili na barua imeandikwa, na malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja. Watoto kwa sasa wanapanda daladala na mama yao.

Kingine, mkataba wa mdogo wangu ulikuwa na bei, namba ya injini na chasis, basi. Wewe wa kwako ongeza kipengele kwamba eabegi zote zipo, ni nzima, na gari haijawahi kufumua, ikigundulika vingine muuzaji anarudisha hela yote. Asome mbele ya wakili kabla ya kusaini. Akianza kuzunguka zunguka hapo, ondoka na hela yako.